Karani Aliyeuliza Sauti Inasimama Wapi

Siku tuliyomzika Karani walisoma wasifu wake kurasa tatu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, alioa lini, watoto wangapi, wajukuu wangapi. Walisema alifanya kazi ya ukarani kwenye senta ya chai miaka mingi na kwamba kanisani alikuwa mzee mwaminifu. Yote ni kweli. Lakini wakati wanasoma, zile spika za kukodi walizofunga juu ya miti zilikuwa zinapiga mluzi mpaka watoto wanaziba masikio, na mimi nikawaza kwamba huyu mtu kama angeweza angetoka kwenye sanduku, azime hiyo mitambo, arudi alale. Hakuna hata mmoja aliyetaja spika zake. Mambo ya kuzaliwa mmeshasomewa, kwa hiyo hayo nayaacha.

Tulimwita Karani hata baada ya kuacha kazi. Mke wake alimwita Karani. Wajukuu walimwita Kuka, yaani babu, wakiwa karibu naye na Karani wakiwa mbali. Kazi yake ilikuwa kupima majani jioni, sisi tumepanga foleni na vikapu. Kabla hajapima alikuwa anaingiza mkono kwenye kikapu mpaka kwenye kiwiko, anageuza majani ya chini juu, kwa sababu alijua watu huficha mabaya chini. Hakuwa na ndugu hapo. Hata majani ya mke wake aliyageuza.

Siku moja aligeuza yangu. Nilikuwa nimechuna kwa haraka, mvua inakuja, na kweli nilikuwa nimechanganya majani makubwa magumu. Akatoa konzi moja ya majani akaiinua watu wote waone.

"Mama Chelangat, leo umechuna chai ama umekata ua wa boma?"

Watu wakacheka foleni nzima. Hakupima. Nikabeba kikapu kizima mgongoni mpaka nyumbani. Ng'ombe walinusa wakaacha. Ninasema hivi ili mjue kwamba sikuwa rafiki yake. Alikuwa na haki, lakini angeniita kando. Miaka mingi nilingoja siku yangu.

Basi, mtu huyo mgumu namna hiyo, kitu kilichomlainisha ni spika kuukuu. Hakutaka mpya. Mpya, alisema, haijulikani tabia. Alitaka zile mbili mbili za mbao, nzito, zimeshakaa kwenye nyumba ya mtu mwingine miaka ishirini. Alizipata kwa njia mbili. Meneja wa shamba la chai akihamishwa, vitu vyake huwa vinauzwa pale kwenye nyasi mbele ya bangalo, na Karani alikuwa anafika kabla ya umande kukauka. Wengine waligombania makochi na friji. Yeye alienda moja kwa moja kwenye kona iliyo na vitu ambavyo hakuna mtu anavitaka.

Njia ya pili ilikuwa soko la Litein. Mara moja nilimkuta huko, mimi nimeenda kuuza kabichi, na nikamwangalia kazi yake yote kwa sababu wanunuzi siku hiyo walikuwa wachache. Alikuwa amevaa koti la kanisani na gambuti. Akapita mbele ya muuzaji mara mbili bila kuangalia spika. Akauliza bei ya pasi. Akauliza bei ya sufuria. Akaenda zake. Mara ya tatu ndiyo akachuchumaa. Kwanza alinusa sanduku kwa nyuma. Ikinuka unyevu, anainuka. Ikinuka panya, anatabasamu, kwa sababu panya akihamia mahali maana yake mahali hapo hapavuji. Halafu akaweka vidole gumba viwili juu ya ile karatasi ya duara inayotetemeka, akaisukuma ndani polepole, pande zote sawa, sikio likiwa karibu, vile mtu anavyopima tumbo la ndama. Ikikwaruza ndani, imeungua. Hii haikukwaruza.

Muuzaji alikuwa kijana wa kutoka upande wa Kisii, mwenye maneno mengi. "Mzee, hizo ni za ng'ambo kabisa. Zinadunda mpaka kwa chifu!"

"Zinatunda?"

"Zinadunda, mzee."

"Ndiyo hiyo nasema, kutunda. Chifu ana redio yake. Mimi nataka ya kufika kwa kiti changu tu."

Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Sisi watu wa hapa, b na p, d na t, kinywani ni ndugu, na Karani hakujali nani anacheka. Akamlipa, akabeba moja kichwani na nyingine kifuani, na njia yote mpaka kwa boda alikuwa anazisemesha. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu ambaye kwenye foleni hakuwahi kuniuliza habari ya watoto.

Nyumbani ndipo kazi ilipoanza. Ile sponji inayozunguka karatasi huwa inaoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi. Aliitoa yote kwa wembe. Mahali pake akagundisha kitambaa cha mwavuli kuukuu, amekikata mwenyewe kwa kufuata sahani. Hakuna mwavuli uliovunjika kijijini kwetu ambao haukuishia kwake. Mke wake alifungua mlango siku moja akakuta mwavuli wake mzima umebaki mifupa.

"Karani, na mvua?"

"Mvua itaisha. Hii pesi haitaisha."

Besi ndiyo alikuwa anasema.

Halafu kuziweka. Hapo hakuna mtu angemgusa. Hazikai kwenye kona, alisema, kwa sababu kona inaongeza uongo. Hazikai chini kwenye sakafu. Kila moja ilikaa juu ya matofali, na chini ya matofali vipande vya ndara zilizoisha, ili sauti isishuke kwenye simiti. Alikuwa na kamba ya gunia. Alipima kutoka spika moja mpaka ya pili, akafunga fundo, halafu kamba hiyo hiyo akaivuta kutoka kila spika mpaka kiti. Zote sawa, kama mawe matatu ya jiko. Kiti kikawa kimoja tu, katikati ya sebule, na makochi yakasukumwa ukutani. Mgeni akija anafikiri kuna mtu anakuja kunyolewa.

"Nyumba ni ya spika," mke wake aliniambia, "sisi tumeomba mahali pa kulala."

Ukishakaa kwenye kiti hicho aliweka wimbo, wimbo wa kwaya kwa kawaida, wenye mtu mmoja anayeanzisha na wengine wanaitikia. Akasimama nyuma yako, akauliza: "Sauti inasimama wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Wageni hawakuelewa. Waliangalia spika ya kushoto, wakaangalia ya kulia. Yeye akangoja. Halafu ungeona macho ya mtu yanaenda katikati, kwenye ukuta mtupu uliokuwa na kalenda tu, na anaonyesha kwa kidole kwa aibu kidogo, kwa sababu hapo hakuna kitu. "Pale. Kwa kalenda." Karani akapiga makofi mara moja, kama ameuza ng'ombe. Spika mbili zikielewana, alisema, mtu anasimama katikati yao. Zikigombana hakuna mtu, ni kelele tu imejaa nyumba kama moshi.

Watu walidhani mtu wa spika anapenda makelele. Yeye alichukia makelele. Alipiga muziki chini, chini sana, ungesikia kijiko kikigonga kikombe. Vile vidude vidogo vya muziki ambavyo vijana hubeba mfukoni aliviita nyuki. Na sikuwahi kumwona akitikisa hata bega. Kanisani wakati watu wanaruka, yeye alisimama kama nguzo ya ua. Nilimuuliza mara moja kwa nini mtu anayependa nyimbo hivi hachezi. Akasema, "Nikicheza nitasikia mimi, si wimbo."

Mimi mwenyewe nilimkosea mara moja bila kujua. Nilienda kumsalimia mke wake alipokuwa mgonjwa, nikabeba vitambaa viwili vya kushona kwa mkono, na kwa heshima nikatandika kimoja juu ya kila spika, vizuri, ncha imeshuka mbele. Kwetu kitu kizuri hufunikwa. Juu ya kitambaa nikaweka thamosi ya chai. Karani aliingia, akaangalia, akaondoa thamosi, akakunja vitambaa, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha majani magumu.

"Mama Chelangat, wewe ukiongea unataka nikufunike mdomo?"

Nilienda nyumbani bila kumaliza chai.

Lakini huyo huyo, mzee wangu, baba yake Chelangat, alipokufa na nyumba yangu ikawa na sauti ya saa ya ukutani peke yake, alikuja asubuhi moja na mkokoteni. Hakusema pole, pole alikuwa ameshasema mazishini. Alishusha spika mbili na amplifaya ndogo.

"Sijaomba," nikamwambia.

"Najua."

"Rudisha."

"Nitarudisha zikikusumbua. Matofali unayo?"

Akapima na kamba yake. Kabla ya kufunga waya akaniomba jiwe la tochi, ile betri. Akanionyesha: ukigusisha waya mbili za spika kwenye jiwe, moja kichwani na moja kitakoni, karatasi inaruka. Ikiruka nje, hiyo waya ya kichwani funga uzi mwekundu. Ikiruka ndani, umegeuza, badilisha. Spika zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, ndio ugomvi wenyewe. "Mimi siku hizi situmii jiwe," alisema, "mimi nina masikio. Jiwe ni la nyinyi." Majivuno alikuwa nayo. Akavuta kiti, akasema kaa.

Nikasema nina maziwa jikoni. Maziwa yalikuwa yameshachemka zamani, na alijua. Akaondoka.

Sasa nifike kwenye sikio.

Wa kwanza kujua alikuwa mke wake. Alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akafunga mlango. "Sikio lake la kushoto limekufa," akasema. "Tangu msimu wa mvua. Nikiwa upande huo hanisikii hata nikimwaga sahani. Anasema ni nta."

"Ameenda hospitali?"

"Ameenda. Wamesema si nta. Ameniambia nisiseme kwa mtu."

"Na umesema."

"Nimesema kwako kwa sababu ya Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa hivi. Mwalimu mmoja wa Silibwet alikuwa amechukua kwa Karani spika mbili, nzuri kabisa, za kutoka bangalo. Baada ya wiki mbili akazirudisha kwenye pikapu. Akasema hazina besi, na kwaya inasikika kama inaimba ikiwa imetawanyika shambani. Karani alizisikiliza moja moja, amekaribia na sikio zima, na kila moja peke yake ilikuwa salama. Basi akamtukana mwalimu mbele ya watu waliokuwa wanapita. Alimwambia, "Hazina pesi? Wewe ndiye huna masikio!" Mwalimu naye ni mtu. Akasema Jumamosi atarudi na fundi mwingine kutoka Litein, na wataangalia pale pale uwanjani kwa Karani, watu wakiona, nani hana masikio.

"Mtu wa pili pia amelalamika," mke wake akasema. "Wa Kiptere. Huyo alinyamaza tu akatupa kwenye ghala. Mama Chelangat, yeye hana kitu kingine. Chai ameachia watoto. Wakimwaibisha kwa hizo spika atakaa ndani asitoke. Nenda umwambie. Wewe huogopi mtu."

Hilo ni kweli, siogopi mtu. Na sitadanganya hapa: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa kikapu. Nilijiona Jumamosi nimesimama na watu, fundi wa Litein anafungua sanduku, na Karani anatafuta pa kuweka uso. Nilipika ugali na hiyo picha, nikala nayo. Ilikuwa tamu. Asubuhi nilipokuwa nakamua haikuwa tamu tena. Nilikuwa nasikia redio kwenye spika zangu kupitia dirisha, mtu anasoma habari amesimama katikati ya nyumba yangu, na hakuna aliyeniletea huyo mtu isipokuwa Karani.

Ijumaa nikachukua tochi, nikaenda.

"Chamgei, Karani."

"Chamgei mising." Aligeuza kichwa kunipa sikio la kulia. Kiti chake hakikuwa katikati tena. Alikuwa amekisogeza karibu na spika moja ya zile za mwalimu, upande upande, na hiyo kamba ya gunia imening'inia kwenye msumari na vumbi juu yake. Hapo nikajua kila kitu hata bila kusikia.

Nikachukua kiti, nikakirudisha katikati, nikakaa.

"Leo huna maziwa jikoni?" akauliza.

"Weka wimbo."

Akaweka. Na kweli walikuwa wametawanyika. Yule anayeanzisha hakuwa mahali popote, alikuwa nyuma ya shingo yangu, alikuwa mlangoni, na wale wa sauti nzito walikuwa kama wamebaki nyumbani. Karani alisimama upande wangu wa kushoto. Akauliza lile swali lake, lakini si kama zamani. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa.

"Sauti inasimama wapi?"

"Haisimami."

"Angalia vizuri."

"Karani, haisimami. Ni moshi."

Nikazima amplifaya mwenyewe, nikafungua waya nyuma, nikatoa jiwe la tochi. Spika ya kwanza, waya yenye uzi mwekundu nikaigusisha kichwani mwa jiwe. Karatasi ikaruka nje. Nikaenda kwa ya pili, uzi mwekundu kichwani vile vile. Karatasi ikaingia ndani. Nikarudia, aone. Ikaingia ndani. Hapo hakuhitaji sikio. Alipozifungua kuweka kitambaa cha mwavuli alikuwa amerudisha waya za ndani kinyume, na zamani angesikia kabla hajafunga skurubu ya kwanza.

Alikaa kwenye mkono wa kochi. Akaangalia ile karatasi muda mrefu.

"Umejua tangu lini?"

"Habari ya waya ama habari ya sikio?"

Akavuta pumzi kupitia puani. "Mama Kibet ana mdomo."

"Mke wako ana akili. Shika bisibisi."

Akafungua sanduku, akageuza waya, akafunga uzi mwekundu mahali pake. Mikono ilikuwa bado mizuri. Akateremsha kamba, akapangusa vumbi, akapima. Nikakaa tena. Wimbo ukaanza, na mimi nikaona kitu ambacho sijasahau: hakuangalia spika, hakutega hata lile sikio zima. Alikuja mbele yangu akachuchumaa, akaniangalia usoni. Alikuwa anasikiliza uso wangu.

Mimi uso wangu si wa kusomeka, watoto wangu watawaambia. Lakini macho yalienda yenyewe.

"Kwa kalenda," akasema yeye, kabla yangu.

"Kwa kalenda. Katikati, vile ilivyosimama kwangu siku ile ulipoleta zangu."

"Siku ile hukukaa."

"Nilikaa ukishapita lango."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Kesho mwalimu atauliza ilikuwa nini. Utasema nini?"

"Waya ilikuwa imegeuka. Si ndiyo kweli?"

"Ndiyo kweli." Akakunja kamba. "Ingekuwa ni mimi nimekupata hivyo, ningesema mbele ya watu."

"Najua. Nilibeba kikapu mpaka nyumbani."

Akafikiri. Nilidhani ataomba msamaha, na nilikuwa nimeshajitayarisha kuukataa mara ya kwanza.

"Majani yalikuwa magumu," akasema.

"Yalikuwa."

Jumamosi mwalimu alikuja na fundi wake wa Litein na watu wa kutazama. Karani alisema mwenyewe kabla hawajamaliza kusalimiana: waya iligeuka, na nilikutukana bure, mwalimu, kaa hapa. Mwalimu akakaa. Fundi wa Litein alikunywa chai vikombe viwili akarudi na boda. Neno la sikio halikusemwa, na baadaye, alipolisema mwenyewe, hakuna aliyeshangaa.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na nguvu ilikuwa msimu wa kuchuna uliopita. Nilipitia kwake nikitoka senta. Alikuwa amepata nyingine, za mbao nyekundu, panya walikuwa wamezaa ndani, alifurahi sana. Akaniambia kaa, nikakaa bila kutaja maziwa. Yeye kwenye kile kiti hakukaa tena tangu ile Ijumaa. Alikuwa ameweka kigoda ukutani, chini ya kalenda, katikati ya spika mbili, anawatazama watu wanaokaa. Akabonyeza wimbo, akaenda kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti.

Yule mwanakwaya akaanza. Sauti ikasimama pale pale alipokaa Karani, ikawa kama yeye ndiye anaimba, na mdomo wake umefungwa.

"Inasimama wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha yeye kwa kidole.